Mchoraji Aliyesoma Mawingu

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima hulijua neno hilo kuliko mtu aliyelisoma kitabuni. Juma hili napenda kuwaeleza wasomaji khabari za mtu aliyepata sifa kwa kuwa na jicho la mkulima.

Mtu huyo ni John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk, huko Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa nafaka, mwenye vinu vya maji na vya upepo. John alipokuwa kijana alitiwa kazini vinuni. Kazi ya kinu cha upepo haitaki uvivu wa macho, kwani asiyeangalia mawingu huweza kushtukizwa na tufani. Basi alijifunza kulitazama anga kabla ya kujifunza kulichora.

Baba alitaka mwanawe arithi biashara, lakini moyo wa kijana ulikuwa katika rangi. Mwaka 1799 akaenda London kusoma uchoraji, na baadaye mdogo wake akashika kazi ya vinu.

Wachoraji wengi wa siku zile walitunga picha za nchi chumbani, wakiiga za mabingwa wa zamani. Constable alitoka nje. Katika mwaka 1821 na 1822, juu ya kilima cha Hampstead, alichora mawingu matupu mara nyingi, na nyuma ya picha akaandika tarehe, saa, na upepo ulikotoka, kama mtu atunzaye daftari la shamba.

Mwaka 1821 alionyesha London picha ya gari la farasi likiwa mtoni karibu na kinu cha baba yake. Hakuna aliyeinunua. Lakini ilipopelekwa Paris mwaka 1824, mfalme wa Ufaransa alimpa nishani ya dhahabu. Kwao hakuchaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa mpaka mwaka 1829, naye ana miaka 52.

Ndugu msomaji, mara ngapi tumempa mtoto picha ya kitabuni ainakili, hali mlima wenyewe u dirishani? Mwalimu, mtoe nje na kalamu yake. Nawe mzazi, akikuuliza wingu lipi huleta mvua, usimfukuze. Mwambie unalolijua, kwani hilo ni elimu pia.