Ijumaa Nyeusi ya Wabeba Boksi

Nyumbani wanadhani siku hiyo Marekani inagawa televisheni. Ujumbe unaanza kuingia wiki ya pili ya Novemba: kwanza salamu ndefu, halafu habari za watoto, halafu mvua za vuli, halafu, "Mwanangu, nasikia huko kwenu kuna Black Friday." Ukifika hapo ujue umeshapatikana.

Tungewaeleza, ila sijui tungeanzia wapi. Sikukuu ya Shukrani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Wenyeji wanakula bata mzinga, wanajinyoosha kwenye kochi kutazama ule mpira wao wa kukumbatia, na kesho yake wanaamka kununua zawadi za Krismasi. Sisi wabeba boksi wa hapa Ohio, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Alhamisi hiyo saa nne usiku tunafunga kamba za viatu vya kazini, maana boksi la mtu aliyelala kwenye kochi halijibebi. Omba ruhusa wiki hiyo uone msimamizi anavyokuangalia. Ovataimu ni lazima, chooni ni mbio, skana inakuhesabia dakika, mgongo unauma, na simu mfukoni inatetemeka kwa sababu Dar es Salaam kumeshakucha na binamu anauliza kama umeiona ile ya inchi 55.

Halafu hilo jina. Sisi tumelelewa kwamba Ijumaa ni kanzu iliyopigwa pasi na pilau mchana, leo tunaambiwa ni nyeusi. Ndugu zetu wa Ghuba angalau waliona haya: tangu 2014 kuna maduka ya mtandaoni huko yanayoiita Ijumaa Nyeupe. Wajuaji watakuambia weusi ni wa wino, eti ndiyo siku vitabu vya wenye maduka vinapotoka kwenye wekundu wa hasara na kuingia kwenye weusi wa faida. Hadithi tamu, lakini ilianza kusambaa miaka ya 1980, jina likiwa limeshazeeka.

Waliolieneza ni askari wa trafiki wa Philadelphia, miaka ya 1950 kwenda 1960. Siku hiyo watu wa pembezoni walimiminika mjini kununua vitu, wengine wamewahi mechi ya Jumamosi kati ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini, magari yamegandana, vibaka wanavuna, na askari hakuna wa kupewa mapumziko. Wakaiita nyeusi. Mwaka 1961 wenye maduka walijaribu kuibatiza Ijumaa Kubwa ili isitie watu kisirani, jina likakataa kushika. Kumbe basi hilo jina ni manung'uniko ya watu wa zamu. Wale askari tungekaa nao meza moja.

Tukitoka kazini alfajiri, mtu mzima anaenda kulala. Sisi tunakwenda dukani. Ndiyo, sisi haohao tuliokuwa tunalalamika, macho mekundu, tunapanga foleni ya kununua yale maboksi tuliyoyapakua usiku. Msituulize. Mwaka jana mwenzetu mmoja alisimama mbele ya jiko la kukaangia bila mafuta, limebandikwa karatasi ya njano: dola 69, punguzo kubwa. Akaikwangua kwa ukucha, taratibu, kama anayefungua kadi ya vocha. Chini yake palikuwa na karatasi nyeupe: dola 69. Akairudisha ile ya njano mahali pake, akaisawazisha kwa kidole gumba, akalibeba jiko mpaka kaunta. Alikuwa ameshapanga foleni, afanyeje?

Zamani kidogo maduka makubwa yalifikia kufungua Alhamisi yenyewe jioni, bata hajapoa mezani, na tangu 2020 mengi yameacha. Fujo za mlangoni nazo zimepungua, watu wananunua wamelala. Hilo la mlangoni hatulifanyii mzaha: mwaka 2008, huko Long Island, umati ulimkanyaga mfanyakazi wa muda wa duka mpaka akafa, alfajiri, akiwa kazini. Siku hizi ofa zinaanza Oktoba na Ijumaa imekuwa mwezi mzima, ila zamu yetu bado ni ileile, na boksi la mtandaoni nalo lina mtu wa kulibeba.

Tuseme umenunua. Sasa lifikishe Tanga. Begi ni kilo 23, televisheni haikunjiki, shangazi alitaka viatu vya wanakwaya saba, na mizani ya uwanja wa ndege haijui udugu. Tunafungua mabegi palepale sakafuni, tunavaa makoti mawili mawili, tunapita tukitoa jasho hadi Dar. Mwaka juzi tulifikisha blenda, nusu bei, imefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. Mama akawaita majirani. Akaweka maembe, akaichomeka ukutani, akabonyeza. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230. Ikazunguka kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Majirani wakasema harufu yake ni ya kigeni kweli.

Kariakoo blenda za volti 230 zipo, na fundi wake yuko mtaa wa pili.

Orodha ya mwaka huu imeshaingia. Ya kwanza ni blenda.