Kazi ya Mikono Nyumbani: Akwariyumu Inayovuja na Samaki Wamekwisha Kufika



Kijana mmoja aliniuliza: «Pasta, nimenunua akwariyumu ya mkono wa pili, kumbe inavuja. Na samaki wamekwisha kufika. Nifanye namna gani?» Kijana wangu, swali lako limenichoma kidogo, maana nilipita njia hiyo hiyo na nikalipa. Basi sikiliza, usilipe mara ya pili.

Niliinunua kwa familia moja iliyokuwa inahama. Urefu sentimeta 80, upana 35, kimo 40. Bei ilikuwa nzuri, nikasahau kuuliza kama inashika maji. Siku tatu baadaye mulamu wangu akashuka na ndege kutoka Kalemie, na samaki sita ndani ya mfuko wa plastike. Ni wale wadogo wa ziwa Tanganyika wanaokaa ndani ya maganda matupu ya konokono. Hata mkubwa wao hapiti urefu wa kidole. Watoto wakafurahi sana. Tukajaza maji jioni ile ile. Nusu saa haijaisha, mtoto wetu wa tatu akapiga kelele: «Papa, mayi iko natoka!»

Jirani mmoja mwema akasikia, akaleta pipa la plastike la bluu. «Pasta, kamata hii. Iko nguvu. Sisi tunawekaka mayi ya kunywa mule ndani.» Nikaliosha mara tatu, nikalijaza, nikaweka samaki wawili humo, na wanne katika beseni la jikoni. Asubuhi wale wa beseni walikuwa wazima. Wale wa pipa walikuwa wamelala ubavu, wamekufa.

Mtoto hakuuliza kitu. Alichukua maganda yao mawili, akayaweka dirishani.

Sikupima yale maji, siwezi kuapa ni nini kilichowaua. Lakini nilipogeuza pipa nikaona kipande cha karatasi ya onyo, yenye alama ya hatari, imebaki chini. Ninyi mnajua kazi za kwetu: viwanda vya shaba vinatumia asidi ya sulfurike na madawa mengine ya nguvu, na mapipa matupu yanazunguka mitaani. Plastike inanywa dawa, halafu inairudisha pole pole katika maji. Kuosha hakutoshi. Nilikwenda kwa jirani kabla ya chai. Yeye alikuwa na pipa lingine la namna hiyo, la maji ya watoto wake. Alinitazama, akalitazama, akalimwaga. Siku hiyo hatukuongea tena habari za samaki.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, kwa samaki na kwa watu: usitumie chombo ambacho hujui kilibeba nini. Kwa samaki wako tafuta beseni jipya au ndoo iliyobeba chakula tu. Beseni pana ni bora kuliko ndoo ndefu, kwa sababu hewa inaingia majini kupitia uso wa maji. Usitumie sabuni hata kidogo. Osha kwa chumvi na maji. Na chombo cha shaba kisikaribie. Shaba kidogo sana, ambayo jicho haliioni, inatosha kuua samaki.

Maji ya bomba yana klori. Yaache ndani ya chombo wazi siku moja au mbili kabla ya kutumia. Samaki wa Tanganyika wanapenda maji magumu, yenye chokaa. Maji ya mvua peke yake hayawafai. Weka mfuko wao juu ya maji robo saa ili joto lilingane, halafu ongeza maji yako ndani ya mfuko kikombe kimoja kimoja, ndipo uwaachilie. Wape maganda yao wajifiche. Funika na kipande cha chandarua, kwa maana samaki anaruka na paka anangojea. Beseni likae kivulini, ndani ya nyumba. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi yetu ya Katanga, lizungushie blanketi. Lakini usiliweke karibu na mbabula, joto la ghafula nalo linaua.

Chakula kidogo, mara moja kwa siku. Siku ya kwanza usiwape kitu. Samaki hafi njaa kwa siku mbili. Wanaokufa ni wale wanaoshibishwa, maana uchafu wao unageuka sumu ndani ya maji machache. Kila siku toa robo ya maji, rudisha yaliyolala. Ukiwa na pompe ndogo na sponji, iwashe hapo hapo katika beseni. Kuranti ikikatika, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara nyingi. Ndivyo watoto wetu walivyofanya usiku mmoja mzima, kwa zamu.

Sasa matengenezo. Weka akwariyumu juu ya magazeti makavu, jaza pole pole, tia alama pale inapotoka maji, kisha imwage na kuikausha kabisa. Usipake silikoni mpya juu ya ile ya zamani, haishiki. Kwa wembe ondoa silikoni yote ya ndani, pembe zote, hata zile zisizovuja. Ila ile nyembamba iliyo katikati ya kioo na kioo usiiguse, ndiyo inayoshikilia nyumba. Safisha kwa alkoli mpaka kitambaa kibaki cheupe.

Nunua silikoni tupu, ile inayonuka kama siki. Soma tube vizuri: ikiwa na dawa ya kuzuia ukungu, kama ile ya bafu, iache dukani. Weka mkanda wa karatasi pande mbili za pembe, paka mstari mmoja bila kukatiza, lainisha kwa kidole kilicholowa, toa mkanda mara moja. Halafu ngoja. Siku moja ni kidogo. Mimi nilingoja juma zima, mpaka harufu ikaisha.

Kisha jaribu tena siku mbili nje, bila samaki. Piga hesabu ya uzito: 80 mara 35 mara 40 ni lita 112, ndiyo kusema kilo 112, bila kioo wala mchanga. Meza ya kulia chakula isiyo imara haiwezi. Weka juu ya kitu kilichonyooka sawasawa, na kipande cha poliesitireni chini yake.

Neno kwa watoto: yale mawe ya kijani mnayookota, ambayo yanapendeza sana, ni malakiti, ni shaba. Msiyatie majini. Jiwe lolote kutoka machimboni libaki nje.

Ukihamisha samaki, hamisha na sponji ile ile ikiwa bado imelowa. Ndani yake mmeanza kukaa vijidudu vyema vinavyopunguza sumu ya mkojo wa samaki. Kwa kawaida vinahitaji majuma manne mpaka sita kukamilika, kwa hiyo siku za beseni hazikupotea bure. Usiioshe kwa maji ya bomba. Ikamue katika maji unayoyatoa.

Wanne wetu waliingia siku ya kumi na mbili. Mtoto alileta yale maganda mawili ya dirishani, akayaweka pembeni mwa mchanga. Sasa moja lina mwenyewe.

Na wewe, msomaji, kabla hujafunga ukurasa huu, nenda ukageuze pipa la maji la nyumbani kwako, uangalie chini yake.