Mlango Uliozibwa Si Ukuta

Pale Lisekese, Masasi, kuna kibanda cha bati ambacho watoto wa mtaani wanakiita “kwenye gemu” tu. Ndani mna televisheni mbili, mabenchi yaliyochakaa na mashine za PlayStation 2 ambazo umri wake unawazidi karibu wote wanaozichezea. Msimu wa korosho, fedha zikishaingia majumbani, hapatoshi. Lakini vumbi la kiangazi haliheshimu msimu wa mtu, na kiungo cha kwanza kufa katika mashine hizo ni jicho linalosoma sidii.

Likizo iliyopita nilimkuta fundi wa kibanda hicho ameifungua mashine moja nyembamba, ameuinamia ubao wake. Nilidhani anabadili jicho. “Hapana, Mwalimu,” alinijibu baada ya kuniamkia. “Jicho jipya ni shida kulipata, na ukilipata halidumu. Njia ya diski ngumu imo humu humu. Walichoondoa ni mlango tu.” Kwa ncha ya mita yake akanionyesha vituo vidogo vya shaba, vingi, vitupu, vikisubiri nyaya. Jioni ile alikuwa akilehemu waya mmoja baada ya mwingine ili kurudisha tundu ambalo kiwanda kilikuwa kimeamua tusiwe nalo.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, mtumishi wa umma mwenye cheo, alicheka na kusema neno moja: uhuni. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wote wanaofikiri kama yeye.

Tuanze na ukweli wa mashine yenyewe. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na toleo lake la kwanza, lile nene, lilikuwa na nafasi nyuma ya kuweka diski ngumu na kifaa cha mtandao. Kampuni yenyewe ya Sony iliuza seti ya Linux iliyokuwa na diski ngumu, kibodi na kipanya, ikaigeuza mashine ya watoto kuwa kompyuta ya kujifunzia. Mwaka 2003, wataalamu wa kituo cha kompyuta kuu katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliziunganisha mashine hizo takriban 70 zikafanya kazi ya hesabu za kisayansi. Hakuna aliyewaita wahuni.

Mwaka 2004 likaja toleo jembamba. Nafasi ya diski ngumu ikaondolewa. Hata hivyo, katika matoleo ya mwanzo ya umbo hilo, yale ambayo namba yake inaanza na 700, uwezo wa kuwasiliana na diski ngumu ulibaki ndani ya chipu. Kilichokosekana ni kiunganishi cha kuchomekea. Katika matoleo yaliyofuata, kuanzia yale ya 750, hata uwezo huo uliondolewa. Ndiyo maana fundi wa Lisekese, kabla ya kugusa bisibisi, huipindua mashine kwanza na kusoma namba. Anajua ipi imezibwa mlango na ipi imejengewa ukuta.

Mkasa huu si wa Sony peke yake. Nintendo ilipotoa Wii mwaka 2006, mashine ile ilikuwa na matundu manne ya pedi za GameCube na mawili ya kadi za kumbukumbu. Mwaka 2011 likatoka toleo lisilo na matundu hayo. Wapenzi wa mashine hizo walipolifungua, wakakuta vituo vyake bado vimo kwenye ubao, wakavilehemu na kuyarudisha. Waliotumia pedi zao kwa miaka wakaendelea kuzitumia.

Simlaumu mtengenezaji kwa kupunguza gharama. Kiunganishi ni fedha, na anayetengeneza mamilioni ya mashine huhesabu kila senti. Ninachokikataa ni hitimisho ambalo wengi wetu tunalimeza bila kutafuna: kwamba kwa sababu mwenye kiwanda ameacha kuutumia mlango, basi mwenye mashine amepoteza haki ya kuufungua. Mtu akikuuzia nyumba yenye dirisha lililopigwa plasta, je, utamwandikia barua kumwomba ruhusa ya kuibomoa plasta hiyo? Nyumba ni yako. Mwanga utakaoingia ni wako. Na ukibomoa vibaya, hasara ni yako.

Rafiki yangu ana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Anasema diski ngumu ndani ya mashine hizo ni mlango wa wizi, kwa kuwa hujazwa michezo iliyonakiliwa. Ni kweli kwamba hufanyika hivyo. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kurudisha tundu ni kazi ya ufundi; kunakili kazi ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la hakimiliki. Kosa hilo hutendeka kwa sidii, kwa flashi na kwa simu iliyomo mfukoni mwa rafiki yangu huyo huyo. Panga linalimia mkorosho na limewahi kumjeruhi mtu. Hatujapiga marufuku panga, tumemshtaki aliyejeruhi.

Sheria zetu, zikisomwa kwa utulivu, zinaweza kubeba utofautishaji huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalenga vifaa vinavyotengenezwa ili kuvunja kinga dhidi ya kunakili. Kiunganishi kilicholehemiwa kwenye vituo vyake vya asili hakivunji kufuli yoyote. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadili namba ya utambulisho wa simu, nami naunga mkono katazo hilo, kwa maana namba ikibadilishwa mwenye simu iliyoibwa hana tena pa kuanzia kuitafuta. Hapo kuna mwathirika. Kwenye ubao wa PlayStation iliyozeeka pale Lisekese, mwathirika ni nani?

Wenzetu wameanza kujibu. Marekani, ambako sheria ya 1998 ilifanya uvunjaji wa kufuli za kidijitali kuwa kosa, mwaka 2021 iliruhusu kuvunja kufuli hizo pale lengo linapokuwa kutengeneza kisomea diski cha mashine ya gemu. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha mwongozo wa haki ya matengenezo. Hao ndio wenye maduka ya vipuri kila mtaa na kipato cha kununua kipya. Sisi tusio na hayo ndio tunaomwita fundi mhuni!

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la michezo ya watoto. Watu wa Masasi na Newala hawahitaji kuhadithiwa maana ya mashine iliyofungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia 1980 taifa lilikopa Benki ya Dunia, likajenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho huku Kusini. Uzalishaji wa korosho ukaanguka, mitambo ikasimama, na baadaye baadhi ya majengo yale yakawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri kwenda kubanguliwa nje. Sababu zilikuwa nyingi, na sitaki kuzifanya moja. Lakini nauliza swali ambalo mwanafunzi wa sera anapaswa kuliuliza: tulipoinunua mitambo ile, tulinunua pia ujuzi wa kuifungua, kuipunguza na kuigeuza ilingane na korosho tulizokuwa nazo? Au tulinunua masanduku?

Kijana anayejua kutofautisha mlango uliozibwa na ukuta ndiye mtu tuliyemkosa wakati ule. Hakufundishwa darasani. Amejifunza kwa michoro iliyotolewa bure na wapenzi wenzake wa nchi za mbali, kwa mita ya bei rahisi, na kwa kuunguza mbao kadhaa kabla ya kufaulu. Nina shahada ya uzamivu, na naungama kwamba jioni ile nilikuwa mwanafunzi wake. Yeye ana ujuzi usio na cheti. Vyuo vyetu vinatoa vyeti ambavyo wakati mwingine havina ujuzi. Kati ya hao wawili, dola inamwogopa wa kwanza na kumwajiri wa pili.

Basi nasema mambo matatu, na nayasema kwa wenye uwezo wa kuyatenda.

Kwanza, wanaotunga sheria waandike kwa maneno ya wazi kwamba mmiliki halali wa kifaa ana haki ya kukifungua, kukitengeneza na kurejesha uwezo uliozimwa, mradi hamdhuru mtu wala haibi kazi ya mtu. Haki inayotegemea huruma ya ofisa aliyepita kibandani siku hiyo si haki.

Pili, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mafundi ujenzi, seremala na makanika wamenufaika nao. Fundi wa bodi na chipu naye apimwe kwa kazi ya mikono yake, apewe cheti chake.

Tatu, nanyi maofisa ununuzi mnaonisoma, hili ni lenu. Tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Mnapoandika vigezo vya kompyuta za ofisi, shule na hospitali, ulizeni kama kumbukumbu yake inabadilishika, kama vipuri vinapatikana, kama mchoro wake unatolewa. Kompyuta ambayo fundi wa wilaya hawezi kuifungua ni kiwanda kingine cha korosho, kidogo tu.

Rafiki yangu atasema ninakuza jambo dogo. Mwezi Juni 2016, simu zilizoonekana kuwa bandia zilizimwa nchi nzima, na aliyebeba hasara ni mwananchi aliyeinunua dukani mchana kweupe. Siku ile tulijifunza kwamba kifaa kilichomo mfukoni mwako kinaweza kuzimwa na mkono usiouona. Sasa tujifunze upande wa pili: kwamba kinaweza pia kuwashwa na mkono unaoufahamu, wa jirani, pale Lisekese.

Mashine ile iliwaka siku ya pili, mchana, umeme uliporudi. Jicho lake bado limekufa, wala haliihitaji tena. Watoto walishangilia bila kujua kilichofanyika. Sisi tunaojua, tusinyamaze.