Mlimani au Morogoro?



Ndugu wasomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, walimu wa madrasa hupata wageni. Safari hii alikuja mzazi mmoja na binti yake aliyesoma PCB. Binti alichaguliwa na vyuo viwili kwa shahada ileile ya Sayansi na Elimu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Tume ya Vyuo Vikuu humtaka aliyepata zaidi ya kimoja athibitishe kimoja tu, na siku zilikuwa zimebaki chache. Baba anataka Morogoro, binti anataka Mlimani, na wote wanatutazama sisi.

Zamani tungejibu papo hapo. Tuliwahi kumshauri kijana wetu mmoja aache nafasi ya sayansi katika chuo cha serikali kwa kuwa eti mazingira si mazuri. Hatukuuliza jingine lolote. Alikaa nyumbani mwaka mzima, na mwaka uliofuata nafasi ile hakuipata tena. Hadi leo tunaswali naye safu moja, na kila tukimwona tunajua kosa lilikuwa letu.

Hoja ya baba si ya kupuuzwa. Chuo cha Morogoro kilianza mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, na binti hatahangaika huko kwa sitara wala kwa wakati wa swala. Lakini Mlimani nako kuna msikiti, na wanafunzi wa Kiislamu wana jumuiya yao. Na tuseme kweli, jina la chuo halimwamshi mtu alfajiri.

Binti naye alivutwa na jina, chuo cha tangu 1961. Tukamuuliza: maabara ya kemia mtaingia mara ngapi kwa wiki? Mtakuwa wangapi kwenye meza moja? Bweni utapata, au utapanga mtaani? Hakujua. Baba naye hakujua. Mwalimu wa kemia ambaye hakushika bureti kwa mkono wake, akachungulia tu begani kwa mwenzake, atakwenda kuwafundisha nini watoto wetu? Lau angetaka jiolojia tungemwambia Mlimani, yakaisha. Lakini anataka ualimu, na ualimu upo kote kuwili.

Mkopo nao ulizua maneno. Baba alikuwa bado anaiogopa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, akiiona ni riba. Tukamfahamisha kuwa iliondolewa mwaka 2021, na kwamba mkopo huombwa kwa vyuo vyote viwili.

Akauliza, je, istikhara haitoshi? Tukamjibu rakaa mbili ziswaliwe, na nauli ya treni ya Morogoro itafutwe vilevile. Wakaenda. Kesho yake wakapanda Mlimani, wakaomba kuonyeshwa maabara.

Waliporudi walikuwa bado wanabishana, ila sasa juu ya meza, vifaa na vyumba vya kulala. Tuliwasikiliza kwa furaha, hatukuamua kitu. Usiku wa mwisho baba alimpa binti simu athibitishe mwenyewe. Amechagua Mlimani, na atakaa kwa shangazi yake Sinza.

Wabillahi tawfiiq.