Sauti Tuliisifu, Kemia Hatukuiuliza

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kijana mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wa madrasa yetu hapa mjini Babati, alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na shauri zito. Yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma muziki. Sasa moyo wake umegeuka, anataka kuwa daktari. Akauliza: je, aombe kuhamia chuo cha udaktari?

Waliokuwapo hawakuchelewa kumjibu. Mmoja alisema muziki ni haramu, basi auache leo hii, na mengine Allah atayafungua. Mwingine akacheka, akasema mpiga kinanda hawezi kushika sindano. Kuhusu ala za muziki, kauli ya wanazuoni walio wengi ya kuziharamisha inajulikana, nasi tuko pamoja nayo. Lakini kumwambia mtu atoke mahali bila ya kumwonyesha pa kwenda si nasaha iliyotimia.

Basi tumweleze ukweli ulivyo. Nchini Marekani mwanafunzi huweza kuchukua shahada ya muziki, akasoma pamoja nayo baiolojia, kemia na fizikia, kisha akaomba kuingia chuo cha udaktari. Kwetu Tanzania sivyo. Shahada ya udaktari huanza baada ya kidato cha sita, huchukua miaka 5, na hufuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Mlango wake ni ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia. Tume ya Vyuo Vikuu huruhusu wanafunzi kuhama, lakini anayehama sharti awe na sifa za kuingia katika kozi anayoiendea. Kijana wetu aliacha fizikia na kemia baada ya kidato cha pili. Kwake yeye hakuna kuhama. Kuna kuanza upya.

Njia ya kuanza upya ipo, ingawa ni ndefu. Arudi katika mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, apate fizikia na kemia pamoja na baiolojia. Akifaulu, anaweza kuomba stashahada ya utabibu, ambayo ni miaka 3, awatumikie watu akiwa tabibu. Na matokeo yake yakiwa mazuri, aombe shahada ya udaktari baadaye.

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi walimu. Kijana huyu tulikuwa naye miaka mingi. Kila mahafali tulimsimamisha asome Qur'an, na watu wakalia kwa uzuri wa kisomo chake. Alipoziacha fizikia na kemia, hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini. Tuliridhika kwamba anahifadhi juzuu zake. Sauti tuliisifu, kemia hatukuiuliza. Je, ni ajabu kwamba mtoto aliyeambiwa miaka yote kuwa hazina yake ni sauti, amekwenda kutafuta maisha kwa sauti?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na akalaumu kwamba watu wanasongamana katika fiqhi na mijadala yake, hali miji haina tabibu Mwislamu. Sisi tunaosoma maneno hayo kwa Kiarabu tunayapita kana kwamba yaliandikiwa watu wengine. Mama zetu na dada zetu wanapokwenda hospitalini hutamani kuhudumiwa na daktari mwanamke. Daktari huyo atatoka wapi ikiwa binti zetu nao wanaacha kemia nasi tunatazama?

Hata hivyo hatusemi kila kijana awe daktari. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliwahi kukinunua kitabu cha Qanun cha Ibn Sina ili asome utabibu. Moyo wake ukaingia giza, akakiuza, akarejea kwenye elimu yake. Katika zama hizo hizo, Ibn al-Nafis wa Damascus alikisherehesha kitabu hicho hicho, akabainisha jinsi damu inavyopita mapafuni. Naye alikuwa pia mwalimu wa fiqhi ya Kishafii. Kitabu ni kimoja, na kila mmoja aliijua nafsi yake. Kijana wetu naye aipime nia yake: anautaka udaktari kwa ajili ya wagonjwa, au kwa ajili ya jina?

Nia ikiwa safi, sisi tuna wajibu. Walimu wa madrasa tuulize maendeleo ya shule kama tunavyouliza hifdhi, hasa mtoto anapokaribia kuchagua masomo. Wazazi wasisubiri matokeo yatoke ndipo waulize mtoto alisoma nini. Wenye uwezo wamlipie kijana huyu ada ya mtihani na ya masomo ya ziada, kwani fizikia na kemia hazisomwi kwa daftari tu, zinataka maabara. Na aliyemcheka amwendee amtake radhi.

Tunamuomba Allah (s.w.) amfungulie kijana wetu, na atusamehe kwa yale tuliyoyanyamazia. Amin.

Wabillahi tawfiq.