Muhuri wa Kijiji, Alama za Chuo

Uongozi wa utumishi una kipimo kimoja kigumu: hali ya waliohudumiwa. Robert Greenleaf, Mmarekani aliyeitumikia kampuni ya simu ya AT&T kwa karibu miaka 40 kabla ya kugeukia uandishi, aliliweka wazo hilo katika insha yake ya 1970. Kwake, anayefaa kuongoza ni yule aliyetangulia kuwa mtumishi, na ushahidi wa utumishi wake hutafutwa kwa watu aliowahudumia. Je, wamekua? Wana afya na uhuru zaidi kuliko jana? Na aliye chini kabisa amepata nini, au angalau hakuzidi kunyimwa? Miaka mitatu kabla ya insha hiyo, kusini mwa Marekani, Robert Sigmon na William Ramsay walikuwa wameanza kuzungumzia mafunzo kwa huduma, yaani utaratibu wa kumpeleka mwanafunzi afanye kazi ambayo jamii inaihitaji kweli, kisha kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya somo lenyewe. Tangu hapo mawazo hayo mawili yametembea pamoja, na leo ni shida kukuta chuo kikuu cha Afrika Mashariki ambacho dira yake haitaji huduma kwa jamii.

Hoja ya makala haya ni kwamba vyuo vingi vimechukua jina vikaacha kipimo. Mwanafunzi hupelekwa kijijini, hufanya kazi, hurudi, huandika ripoti, hupewa alama. Na katika safari hiyo yote aliyehudumiwa haulizwi kitu. Mpondwe, mji wa mpakani katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu pale huduma iliyokosea njia haichelewi kujulikana.

Kuwatuma wasomi kwa wananchi si jambo geni katika eneo hili. Ethiopia ilianza mwaka 1964, pale chuo kikuu cha Addis Ababa, kilichokuwa bado kinaitwa kwa jina la Haile Selassie, kilipowataka wanafunzi wake watumie mwaka mmoja mikoani kabla ya kupewa shahada. Wengi walipewa kazi ya ualimu. Walichokiona huko juu ya ardhi na wakulima kiliwabadilisha kuliko walivyowabadilisha wenyeji, na serikali haikukifurahia.

Tanzania ilipata somo lake kwa njia chungu zaidi. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa 1963, na miaka mitatu baadaye serikali ikaamua kwamba wahitimu wa vyuo wote wapitie humo: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, wakiwa wamevaa majoho yao, na mojawapo ya mabango yao lilidai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika. Aliwafukuza karibu wanafunzi 400, akawarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa vigogo wa serikali kwa asilimia 20. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya vijana wenye kiburi, na kiburi kweli kilikuwapo. Hata hivyo kina upande wa pili ambao wasimulizi huuruka. Vijana walikuwa wakidaiwa utumishi na watu ambao wenyewe walikuwa wakila vinono, na Mwalimu aliliona hilo papo hapo, ndiyo maana kisu kilianzia kwenye mshahara wake. Mwaka uliofuata akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kwa mtu anayetaka kujua uongozi wa utumishi unafananaje ukiwa ofisini, ile asilimia 20 inafundisha zaidi ya vitabu vingi vya uongozi vinavyouzwa leo viwanja vya ndege.

Nchini Uganda njia ilipita zaidi kwenye udaktari. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa 1989 kikiwa na nia ya kuwafundisha madaktari karibu na vijiji watakavyovihudumia, na mwaka 2003 Makerere nayo ikaanzisha utaratibu wake wa elimu na huduma ndani ya jamii kwa wanafunzi wa afya. Wanafunzi hugawanywa makundi, hupelekwa kwenye vituo vya afya vya mbali na Kampala, hukaa huko wiki kadhaa, hufanya kazi na wahudumu wa pale. Faida yake kubwa haina ubishi: daktari mtarajiwa huona ugonjwa ukiwa bado nyumbani, kabla haujawa faili la wodi. Taaluma nyingine, kuanzia kilimo hadi ustawi wa jamii, zina mafunzo yao kwa vitendo katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka.

Mpondwe yenyewe iko ukingoni mwa mto Lhubiriha, na ng'ambo yake ni Kasindi, Kongo. Siku za soko maelfu ya watu huvuka. Vitenge na mawese huja upande huu, na bidhaa za viwandani za Kampala huenda upande ule. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo husikilizana bila mkalimani. Wengi wana shangazi au shemeji ng'ambo. Sokoni, mbali na Lhukonzo, kuna Kiswahili. Hapa ndipo mwanafunzi aliyekulia Kampala hukwama siku ya kwanza. Ana Kiingereza na Kiganda, na Kiswahili amekisikia kama lugha ya askari, sifa mbaya iliyobaki tangu utawala wa Amin. Katiba ya Uganda iliipa lugha hii nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado mama muuza dagaa wa Mpondwe anaimudu kuliko mhitimu aliyetumwa kumpa semina ya ujasiriamali. Mwanafunzi mwenye akili huanza kwa kumwomba mama huyo amfundishe kuhesabu, kusalimia na kupatana bei. Asiye na akili hutafuta mkalimani, na tangu siku hiyo huambiwa yale tu ambayo mkalimani ameona yanafaa kusikika.

Mwaka 2019 mpaka huu uliwekwa kwenye mizani. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 ulikuwa ukielekea kuua zaidi ya watu 2,200, na Beni, mmoja wa miji iliyoathirika vibaya, iko kilomita zipatazo 80 tu kutoka Kasindi. Mpondwe palikuwa na mapipa ya maji yenye klorini, foleni ya kunawa, na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakielekeza vipimajoto kwenye paji la uso la kila anayepita. Tarehe 9 Juni mtoto wa miaka mitano aliingia Uganda pamoja na jamaa zake. Walikwenda hospitali ya Kagando, na wahudumu wa pale ndio walioshuku. Mtoto akahamishiwa kitengo maalumu cha Bwera, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Alifariki. Mwishoni mwa Agosti msichana wa miaka tisa aliyekuwa akivuka kutoka Kongo alibainika papo hapo kwenye kituo cha Mpondwe, akatengwa. Ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda.

Sifa nyingi zilikwenda kwa vifaa, kwa chanjo ambayo wahudumu wa afya wa Uganda walikuwa wamepewa mapema, na kwa mashirika ya kimataifa. Zilistahili. Lakini mto Lhubiriha una vivuko ambavyo havimo katika ramani yoyote ya wizara, njia za panya ambazo mtu huvuka suruali ikiwa imekunjwa magotini, na wanaozijua ni wakazi wa vijiji vya kando ya mto. Wanatimu wa afya wa vijiji, wale ambao kila mtu huwaita VHT, hawalipwi mshahara. Ndio wanaojua nyumba ya nani imepokea mgeni jana usiku, na ndio wanaoweza kupiga hodi bila watu kukimbia. Mwanafunzi wa udaktari akiwekwa chini ya VHT kwa wiki mbili, abebe daftari lake na kumfuata nyumba kwa nyumba, atakuwa amepata somo la uongozi ambalo halipatikani wodini. Kwa kawaida mpangilio huwa kinyume: mwanafunzi huja kama mtaalamu, na VHT hugeuka kuwa kiongozi wa msafara wa kumwonyesha njia.

Kasese haikosi walimu wa uongozi wa aina hii. Juu ya milima, tangu kale, Wakonzo wamekuwa na wakuu wa obulhambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya mabonde mawili, ambao husimamia mashauri ya ardhi na maji ya eneo lao. Harakati za kujitenga za Rwenzururu zilizoanza 1962 chini ya Isaya Mukirane ziliegemea milima hiyo hiyo, na zilidumu miaka mingi kwa sababu watu wa kawaida walizilisha. Historia hiyo ina damu, na vurugu za Novemba 2016 mjini Kasese zimewaachia wengi majonzi, kwa hiyo haifai kuipamba. Kinachohusika hapa ni kwamba mgeni hukuta mamlaka yamekwisha kuwapo: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mkuu wa mlima, mchungaji, imamu, viongozi wa vyama vya akina mama. Mradi unaompitia mmoja wao tu huanza na maadui.

Mfano ulio bora zaidi uko Kyarumba, kwenye ushirika wa Bukonzo Joint ulioanzishwa 1999. Wakulima wa kahawa aina ya arabika walikuwa wakichuma mbivu na mbichi pamoja, wakiuza haraka kwa bei ya chini. Wanawake walifanya kazi kubwa shambani, na fedha ziliishia kwa waume. Kwa kushirikiana na Linda Mayoux na shirika la Oxfam Novib, ushirika ulisaidia kuunda mbinu ya kuchora. Kila kaya huchora njia ya maisha yake, na mti wenye mizizi na matawi: nani anafanya kazi gani, nani anatumia fedha kwa lipi. Asiyejua kusoma huchora sawa na mwenye shahada. Mume anayeona kwa macho yake kwamba tawi la pombe limeuzidi mzizi wa ada za shule hahitaji mhadhara. Aliyejifunza humfundisha jirani, na mbinu hiyo baadaye imetumika katika nchi nyingine. Chuo kinachowapeleka wanafunzi Kyarumba kuwafundisha wakulima uongozi kitakuwa kimeyapindua mambo; kinachotakiwa ni kuwapeleka wakachore.

Upande wa Kongo kuna jaribio jingine la kutazama. Mwaka 2007 David Kasali, aliyekuwa mkuu wa chuo cha theolojia jijini Nairobi kabla ya kurudi kwao, alishiriki kuanzisha Beni chuo kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC. Huko kazi za mikono na huduma kwa mji ni sehemu ya masomo ya kila mwanafunzi. Mauaji yaliyoanza eneo la Beni mwishoni mwa 2014 na Ebola iliyofuata yaliwakuta wanafunzi wakiwa wakazi wa mji uleule wanaouhudumia. Hilo ndilo linalokitofautisha chuo cha aina hiyo na msafara wa wiki sita: hakuna basi la kurudi nyumbani.

Matatizo yaliyobaki ni ya utaratibu, na mengi yanatatulika. La kwanza ni kalenda. Likizo inayotumika kwa mafunzo huangukia Juni hadi Agosti. Kasese hupata mvua kuanzia Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Baada ya mito ya wilaya kufurika Mei 2020 na mto Nyamwamba kuiharibu hospitali ya Kilembe, kila mtu anapenda kupanda miti kando ya mito. Mche unaopandwa Julai, picha ikapigwa, hauna maji wala mwangalizi baada ya wanafunzi kuondoka. Wakulima wanajua hilo. Husaidia kuchimba mashimo kwa heshima ya wageni.

La pili ni maombolezo. Usiku wa 16 Juni 2023 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mji uliopatwa na msiba wa namna hiyo huvuta wenye hojaji kutoka kila upande. Familia iliyofiwa haipaswi kusimulia upya kwa kila kundi ili mtu apate shahada. Ruhusa ya kuhoji itolewe na wenyeji wenyewe, na jibu la hapana likubalike bila kuombwa mara ya pili.

La tatu ni alama. Mwanafunzi wa Uganda huenda kijijini na daftari la mafunzo, na mwisho wa muda hupeleka daftari hilo kwa mwenyekiti wa LC1 ligongwe muhuri. Muhuri huo huthibitisha kwamba alikuwapo. Msimamizi wa chuo, ambaye pengine alifika mara moja kwa gari, ndiye anayetoa alama. Kurekebisha hili hakuhitaji fedha nyingi. Kabla ya kundi kufika, kikao cha kijiji kitaje kazi inayotakiwa, na chuo kiwe na haki ya kusema hakiiwezi. Mwishoni kikao hicho hicho, wakiwemo VHT na wanawake wa soko, kitoe sehemu ya alama: theluthi moja inatosha kwa kuanzia. Kuna watakaosema wanakijiji watampendelea kila mtu kwa ukarimu. Huenda ikawa hivyo mwaka wa kwanza. Wakishaona kwamba alama zao zinaamua kundi la mwakani lije au lisije, ukarimu utapata mipaka.

Ripoti nayo isomwe kijijini kabla ya kufungwa, kwa Lhukonzo au Kiswahili, na nakala ibaki kwa mwenyekiti. Ripoti zinazokaa kwenye kabati za idara zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza husababisha kundi linalofuata liulize maswali yale yale kwenye nyumba zile zile. Nakala ikiwa kwa LC1, mwenyekiti ataweza kumwambia mgeni mpya kilichokwisha kuulizwa, kilichoahidiwa, na kilichobaki bila kufanywa.