Celica Ilikufa Kabla ya 2006

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Tumezoea kuwaambia watu methali hii. Leo naielekeza kwa gari. Toyota Celica, gari la milango miwili lililozaliwa Japani mwaka 1970, lilikoma kutengenezwa mwaka 2006 baada ya vizazi saba. Wenzangu bwenini hudai kwamba liliuawa na wanunuzi waliokimbilia magari makubwa ya familia. Napinga. Wanunuzi walizika tu. Aliyeua ni aliyelibuni upya.

Ushahidi upo. Kizazi cha tatu kilishinda Safari Rally nchini Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kikisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kisha likaja toleo la GT-Four, lenye injini ya turbo na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Likashinda 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995. Ushindi wa 1994 ukawa wa Mkenya Ian Duncan. Katika miaka hiyo sura haikukaa mahali pamoja. Taa zilizokuwa zikijificha ndani ya boneti ziliondolewa katika kizazi cha sita, zikaja nne za duara. Gari likabaki lilelile, kwa sababu GT-Four ilikuwa bado ipo.

Mwaka 1999 kikaja kizazi cha saba, chenye kingo kali kama karatasi iliyokunjwa. Nakiri kilikuwa chepesi na chenye kupendeza. Lakini GT-Four haikuwemo tena: hakuna turbo, na magurudumu ya mbele ndiyo pekee yaliyovuta.

Kwa nini jambo hili liniume mimi? Nyumbani Bweyeye, kabla ya barabara ya kutoka Pindura kutiwa lami, mvua ya Nyungwe ilikuwa mtahini asiyehongeka. Nikiwa mtoto niliona gari dogo zuri likikwama matopeni na abiria wakimalizia safari kwa miguu. Mmoja wao alikuwa mama mjamzito, akishikwa mikono na wanawake wawili. Tangu siku hiyo siulizi gari lina sura gani. Nauliza lilibuniwa kwa barabara ya nani.

Mtaniambia: huko Bweyeye nani angenunua Celica? Hakuna. Lakini sifa za Celica hazikupatikana katika duka la magari lenye sakafu ya vigae. Sehemu kubwa ya sifa hizo ilipatikana katika vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Kizazi cha saba kiliuza jina hilo huku kikitupa kile kilicholijenga.

Mtaniambia pia kwamba gari la namna ile lisingepata soko tena. Basi mbona mwaka 2020 Toyota hiyohiyo ilitoa GR Yaris, gari dogo lenye turbo na nguvu kwenye magurudumu manne, likapokewa kwa shangwe? Mila iliyotupwa 1999 iliokotwa baada ya miaka 21, ikapewa mtoto mwingine.

Wanafunzi wenzangu, nanyi wahadhiri wetu, sipingi mabadiliko. Asiyebadilika huachwa njiani. Ila anayebuni upya na aanze kwa kuuliza kitu hiki kilikuwa kikimfikisha nani, na wapi. Akishajibu hilo, taa azichore atakavyo.